Kabla ya Kukubali Kisu cha Taya

Mara nyingi katika ukurasa huu tumewakemea wale wasinziao kazini. Tumewaita wavivu, tumewaita kupe, na mara moja au mbili tumewauliza kwa jeuri usiku wao waliutumia wapi. Leo yatupasa kuyarudisha baadhi ya maneno hayo. Wapo kati yao ambao usiku waliutumia kitandani mwao, saa nane kamili, wala hawakuonja tone la pombe, na bado asubuhi waliamka wamechoka kuliko walivyolala. Hao si wavivu. Hao ni wagonjwa, na ugonjwa wao una kipimo na una tiba. Moja ya tiba hizo ni kukatwa mataya yote mawili na kuyasogeza mbele, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Alitujia ofisini ndugu yetu mmoja, dereva wa basi liendalo Mbeya kutoka Dar es Salaam, mtu wa makamo kama sisi. Alikuwa na bahasha mbili. Katika ya kwanza mlikuwa na majibu ya kipimo cha usingizi, yasemayo kwamba pumzi yake hukatika au kufifia mara 58 kila saa alalapo. Katika ya pili mlikuwa na barua ya wakala wa hospitali moja ya ng'ambo, yenye bei ya kumpasua mataya na tarehe ya kufika. Ukoo ulikuwa umekwisha kukaa. Kiwanja cha Chanika kilikuwa kimepata mnunuzi. Akatuuliza, "Ndugu Mhariri, nikubali au nikatae?"

Sisi si madaktari, na tulimwambia hivyo. Lakini mtu hawezi kumfukuza mwenziwe mwenye swali la namna hiyo, hasa baada ya kusikia kilichompeleka hospitali. Alasiri moja, pale barabara ipitapo ndani ya mbuga ya Mikumi, alifumbua macho akakuta magurudumu ya kushoto yanakanyaga majani na kondakta wake anapiga kelele. Nyuma yake walikuwa wamekaa watu zaidi ya hamsini. Hakumwambia mtu ila mkewe. Tangu siku ile alikuwa akiendesha huku anatafuna buni, na kujipiga makofi usoni kila afikapo mteremko wa Kitonga.

Tueleze kwanza maradhi yenyewe. Mtu alalapo, misuli ya mwili hulegea, pamoja na ile ya ulimi na ya koo. Kwa watu wengi kulegea huko hakuna madhara. Kwa wengine njia ya hewa ni nyembamba, ama kwa sababu ya mafuta shingoni, ama kwa sababu mataya yamekaa nyuma na ulimi umekosa nafasi. Na hapo koo hujifunga kama mfuko wa karatasi unyonywapo hewa. Kifua huhangaika, hewa haipiti. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, mtu huzinduka kwa sekunde chache, huvuta pumzi kwa kishindo, kisha hulala tena wala hakumbuki lolote. Shahidi ni alalaye naye. Mke wa ndugu yetu alitueleza kwamba kwa miaka mingi amekuwa akilala huku anahesabu, na hesabu ikipita ishirini humpiga mumewe kiwiko.

Madaktari huhesabu kila mkatiko uliodumu sekunde 10 au zaidi, pamoja na mara ambazo pumzi hufifia, kisha wakaigawa jumla kwa saa za usingizi. Chini ya 5 kwa saa si ugonjwa. Tangu 5 hadi 15 ni ugonjwa mwepesi, tangu 15 hadi 30 ni wa kadiri, na kuanzia 30 ni mkali. Basi mwenye 58 hunyimwa pumzi karibu kila dakika, usiku kucha, mwaka baada ya mwaka. Shinikizo la damu hupanda, mapigo ya moyo huweza kupoteza mpango wake, na mchana usingizi hudai deni lake popote umkutapo mtu, awe mezani, awe ibadani, awe nyuma ya usukani.

Zamani isiyo mbali tiba ya maana ilikuwa moja tu, nayo ni kutoboa tundu shingoni ili hewa ipite huko. Mwaka 1981 Dakta Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza njia ya kumvisha mgonjwa kinyago puani na kumsukumia hewa kwa mashine, hata hewa hiyo ikaliweka koo wazi kama upepo ulijazavyo tanga. Mpaka leo mashine hiyo ndiyo tiba ya kwanza kwa wenye ugonjwa mkali, na yeyote amshaurie mtu kisu kabla mashine haijajaribiwa anastahili kuulizwa sababu.

Tulimwuliza ndugu yetu kama ameijaribu. Akasema ameijaribu kwa siku nne. Kinyago kilimwumiza pua, hewa ikavujia machoni, koo likakauka. Akaifungia kabatini na kusema mashine imeshindwa. Siku nne! Hata viatu vipya hupewa muda mrefu zaidi ya huo. Lakini hatumlaumu peke yake. Aliyemwuzia hakumpima uso, hakumpa vinyago vya ukubwa mbalimbali achague, wala hakumweleza kwamba kuna chombo cha kutia unyevu katika hewa ile. Mara nyingi kinachoitwa kushindwa kwa mashine ni kushindwa kwa kinyago, au ni pua iliyoziba ambayo hakuna aliyejisumbua kuitibu. Ni kweli pia kwamba umeme hukatika, na kwamba kwa mtu alalaye leo Mbeya na kesho Dar es Salaam mashine ni mzigo, ingawa zipo ndogo zitumiazo betri. Wapo ambao wamejitahidi miezi mingi kwa moyo safi na hawakuweza. Hao ndio ambao mazungumzo ya kisu yawahusu.

Zipo na njia nyingine, nazo tutazipitia upesi. Kipo kifaa cha kuvaa kinywani ambacho hulivuta taya la chini mbele usiku. Chafaa zaidi kwa ugonjwa mwepesi na wa kadiri. Kupunguza mwili husaidia wale walionenepa, na mwezi wa Desemba 2024 Marekani iliidhinisha sindano ya kupunguza uzito iitwayo tirzepataidi kwa wanene wenye ugonjwa huu wa kiwango cha kadiri au kikali. Tangu mwaka 2014 kipo pia chombo kidogo kizikwacho kifuani ambacho hugutusha neva ya ulimi kila mtu avutapo pumzi. Lakini wapo wembamba kabisa, wenye kidevu kidogo kilichorudi nyuma, ambao hawana kilo ya kupunguza. Kwao tatizo ni mfupa.

Sasa tuje kwenye kisu chenyewe. Mwaka 1901 mpasuaji Mfaransa, René Le Fort, alitangaza matokeo ya kuvipiga vichwa vya maiti kwa makusudi, ili ajue mifupa ya uso huvunjika kwa mistari gani. Mstari wa chini kabisa kati ya ile aliyoieleza, upitao juu ya mizizi ya meno ya juu, ndio wapasuaji wa leo wanaoufuata walitengapo taya la juu. Taya la chini hupasuliwa ubapa, kulia na kushoto, kwa njia iliyotangazwa na Hugo Obwegeser mwaka 1957. Kazi hufanywa kutokea ndani ya kinywa. Katika miaka ya 1980 Riley na Powell, wapasuaji wa Stanford, Marekani, pamoja na bingwa wa usingizi Christian Guilleminault, waliziunganisha kazi hizo mbili kwa ajili ya wenye kukatika pumzi. Mataya yote mawili husogezwa mbele kiasi cha milimita 10, kisha hushikizwa kwa vibati na skrubu za titani. Kaakaa, ulimi na kuta za koo, kwa kuwa vimefungamana na mifupa hiyo, huvutwa pamoja nayo, kama turubai likazwavyo kwa kamba zake.

Je, kazi hiyo hufaa? Mwaka 2010 Holty na Guilleminault walikusanya taarifa za watu wazima 627 waliopasuliwa hivyo. Kwa wastani hesabu ya pumzi ilishuka kutoka 63.9 kwa saa mpaka 9.5. Ukiliacha lile tundu la shingoni, ni shida kuupata upasuaji mwingine ushushao hesabu kiasi hicho. Asilimia 86 waliandikwa kuwa wamefanikiwa. Lakini hapa msomaji afungue macho, maana neno "kufanikiwa" katika vitabu hivyo si lile tulitumialo nyumbani. Maana yake ni kwamba hesabu imepungua kwa nusu au zaidi na kushuka chini ya 20. Walioshuka chini ya 5, yaani waliopona kwa maana ya mtaani, walikuwa asilimia 43. Mkusanyo mwingine, wa mwaka 2016, ulileta picha isiyo mbali na hiyo.

Barua ya wakala ilitaja ile 86 kwa herufi nene na kuiita kupona. Ile 43 haikuonekana mahali popote. Sisi tuliokaa na magazeti miaka mingi twaijua hila hiyo: tarakimu ni ya kweli, ila neno lililofungwa mkiani mwake si lake.

Hata hivyo tusiipunje kazi yenyewe. Mtu atokaye 64 akafika 10 amepewa maisha mengine, hata kama kitabu hakimwiti mzima. Waliopata faida kubwa zaidi ni wale wenye umri mdogo, wasiolemewa na uzito, na ambao mataya yao yalisogezwa ya kutosha. Mwenye miaka sitini na mwili mkubwa asiahidiwe kile alichopata kijana mwembamba wa thelathini.

Na gharama yake mwilini ni hii. Neva iletayo hisi za mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya mfupa ule ule upasuliwao. Karibu kila mgonjwa huamka kidevu kimekufa ganzi. Kwa wengi hisi hurudi polepole katika mwaka wa kwanza. Kwa baadhi hairudi kamwe, na mtu huyo atakunywa chai maisha yake yote asijue kama imemdondoka kidevuni. Meno huweza kukosa kukutana sawasawa. Mfupa huweza kuchelewa kuunga, au kuingia usaha. Chakula ni uji, supu na vilivyopondwa kwa majuma sita hivi, na mwenye kazi ya nguvu asidhani atairudia baada ya siku kumi. Wengine hutakiwa kwanza kuvaa nyaya za kupanga meno kwa mwaka au zaidi.

Kisha upo uso. Tumeona jambo hili huzungumzwa kwa haraka, nasi twataka kulisemea polepole. Taarifa nyingi za upasuaji huu zimetoka Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki. Miongoni mwetu Waafrika wapo wengi ambao meno na midomo yao tangu kuzaliwa imetokeza mbele kidogo, na ndio uzuri wetu. Ukiyachukua mataya ya mtu wa namna hiyo ukayasogeza sentimita nzima moja kwa moja, huenda ukampa pumzi na uso ambao mama yake ataushangaa. Wapasuaji wajuzi hulikabili jambo hilo kwa kuyazungusha mataya yanaposogezwa, ili kidevu kije mbele kuliko midomo. Basi mgonjwa ana haki ya kuuliza, naye aonyeshwe kwenye picha: uso wangu utakuwaje? Akijibiwa kwamba hayo ni mambo ya wanawake, ainuke aende zake.

Hapo tumekwisha kuingia katika swali la nani akushikie kisu, nalo kwa maoni yetu ni zito kuliko lile la kukubali au kukataa. Wapasuaji wa mataya tunao Afrika Mashariki. Wapo waliofundishwa Muhimbili, wapo waliofundishwa Nairobi, wapo waliofundishwa ng'ambo. Kutwa wanaunga mataya yaliyovunjwa na ajali za pikipiki na kuondoa uvimbe mkubwa wa taya, na mikono yao haina aibu mbele ya mikono ya nchi yoyote. Lakini kuliunga taya lililovunjika ni kazi moja, na kulikata taya zima kwa ajili ya pumzi ni nyingine. Hata yule azoeaye kusahihisha meno yasiyokutana huzoea kusogeza milimita chache. Hapa twazungumza kumi, tena kwa mtu ambaye koo lake ni jembamba na ambaye dawa ya usingizi yenyewe ni hatari kwake kuliko kwa mwingine.

Kwa hiyo swali la kwanza si "Umesoma wapi?" Swali ni "Umewafanyia wangapi kwa ajili ya pumzi, na baada ya miezi sita uliwapima usingizi tena?" Asiyepima baada ya kukata hajui alichofanya, anajua tu kwamba jeraha lilifunga. Aombwe hesabu zake mwenyewe, si za Stanford. Aombwe kukukutanisha na mtu aliyempasua, na kama ni mwungwana wa kweli atakukutanisha na mmoja ambaye hakuridhika. Aulizwe kama amelitazama koo lako ukiwa usingizini. Njia hiyo ipo tangu 1991, ilipotangazwa na madaktari wa London: mgonjwa hulazwa kwa dawa kidogo, kisha kamba nyembamba yenye kamera hupitishwa puani, na daktari huona kwa macho yake ni kaakaa lifungalo, au ulimi, au kuta za koo pande zote. Kumpasua mtu ambaye hujui anafungwa wapi ni kupiga risasi gizani.

Aulizwe pia ni nani atakayekesha nawe usiku wa kwanza, uso umevimba na pua imejaa damu, na kama kuna chumba cha wagonjwa mahututi karibu. Na kwa wale waendao ng'ambo lipo swali ambalo mawakala hawalipendi: kibati kikilegea au usaha ukiingia mwezi wa tatu, nimekwisha kurudi kwetu, nani atanitazama? Upasuaji huu una miezi mingi ya kuangaliwa nyuma yake, ilhali tiketi ya ndege ni ya majuma matatu. Kabla ya kutia saini, akamwone daktari wa usingizi au wa kifua ambaye hatapata hata senti moja kisu kikitumika. Mwisho, amwulize mpasuaji ni mgonjwa wa namna gani ambaye yeye hukataa kumpasua. Tungemwamini haraka yule mwenye jibu refu hapo kuliko yule asemaye hajapata kumkataa mtu.

Tulimwambia ndugu yetu hayo yote, naye akayaandika nyuma ya bahasha. Kisha tukamwambia neno ambalo hakulipenda, kwamba tangu siku ile asishike usukani mpaka atibiwe. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Nikimweleza tajiri, kazi imekwisha." Hapo twakiri kwamba hoja yake ni ya kweli. Dereva akivunjika mguu huonewa huruma. Dereva akisema usingizi unamshinda huandikiwa barua ya kufukuzwa, na kwa hiyo wote wanyamaza, na abiria hawajui wamepanda na nini. Chama cha wafanya kazi kisichoweza kusimama mbele ya tajiri na kudai mtu huyo apewe kazi ya mezani kwa miezi ya matibabu, mshahara ule ule, kijiulize kinakusanya ada kwa ajili gani. Na tajiri naye apige hesabu ya basi moja likiwa chini ya Kitonga.

Safari hii katibu wa tawi alikwenda naye, na jambo likawa. Ndugu yetu sasa anakata tiketi katika stendi ya Mbezi. Amepata kinyago kingine, cha kufunika pua na kinywa, na amekivaa majuma saba mfululizo, isipokuwa siku mbili ambazo umeme ulikatika. Ameanza kutembea jioni. Wapasuaji wawili amewaandikia yale maswali ya nyuma ya bahasha. Mmoja alimjibu mwenyewe, kurasa mbili, akitaja idadi ya aliowapasua, ambayo si kubwa, na wawili kati yao ambao hesabu haikushuka kama alivyotumaini. Akamtaka amalize kwanza miezi mitatu ya mashine, apunguze mwili, kisha aje atazamwe koo kwa kamera, ndipo wazungumze. Mwingine hakujibu swali hata moja. Wakala wake alileta punguzo la bei, litakalokoma mwisho wa mwezi.

Kiwanja cha Chanika hakijauzwa. Mkewe asema sauti ya mashine ni ndogo, kama ya feni ya mbali, na mumewe halali tena kinywa wazi. Ila yeye mwenyewe bado huzinduka saa tisa ya usiku, akajikuta anahesabu.